Kuchagua Mashine ya Umeme ya Kukata Nyasi za Uani

Masika yakishika Mombasa, nyasi hazingoji mtu. Ua uliofyekwa mwanzoni mwa Mei huwa umerudi kuwa kichaka kabla ya mwezi kwisha. Wenye nyumba zilizo na ua mdogo, kuanzia Nyali na Bamburi hadi Mikindani na Likoni, huamua kati ya kumwita kijana wa slasha, kumlipa mtu mwenye mashine ya petroli, au kununua mashine yao wenyewe. Anayenunua siku hizi huelekezwa kwenye ile ya umeme: ni nyepesi, haina moshi, haihitaji oili, na inawaka kwa kubonyeza swichi.

Makala haya ni ya mkaazi anayefikiria kununua. Kaunti haiuzi mashine wala haipendekezi kampuni yoyote. Tunalizungumzia jambo hili kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kudhibiti kelele na uchafuzi wa hewa pamoja na kuondoa taka, na mashine ya nyasi inagusa yote hayo. Ila sababu kubwa ni usalama. Hapa tuna umeme wa volti 240, waya mrefu unaoburutwa kwenye nyasi, na kisu kinachozunguka hatua chache tu kutoka kwa waya huo. Anayesukuma mashine mara nyingi si yule aliyeichagua dukani.

Pima ua kabla ya kwenda dukani

Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 465. Ukitoa nyumba, mahali pa kuegesha gari, tangi la maji, vyumba vya nyuma na njia ya saruji, nyasi zinazobaki mara nyingi hazizidi mita za mraba 150, na pengine ni 60 tu. Pima kwa hatua ndefu, ambapo hatua moja ya mtu mzima ni karibu mita moja, kisha zidisha urefu kwa upana. Kipimo hiki si cha kitaalamu lakini kinatosha, na kitakuepusha na muuzaji anayetaka ununue mashine ya hoteli.

Kama nyasi zako ni chini ya mita za mraba 50, na ni nyasi nyembamba unazozikata kila wiki, hakuna ulazima wa umeme. Ipo mashine ya kusukuma kwa mkono yenye visu vilivyopangwa kwenye silinda. Haina mota, haina waya, na hukata vizuri kama mkasi. Wazo lake ni la zamani: lilianzia Uingereza mwaka wa 1830, na aliyelibuni, Edwin Budding, alilitoa kwenye mashine ya kupunguza manyoya ya vitambaa kiwandani. Shida yake ni kwamba nyasi zikishapanda au zikiwa nene inakwama, na hapo utamrudia yule kijana wa slasha.

Kati ya mita za mraba 50 na 200 ndipo mashine ya umeme inapofaa hasa. Ikizidi 300, fikiria betri kubwa au petroli.

Upana wa kukata ni jambo la pili. Mashine ndogo hukata ukanda wa sentimita 32 hadi 34, za kati hufika 40 na zaidi. Watu hudhani pana ndiyo bora. Hebu tupige hesabu. Ukiwa na sentimita 34, na ukiacha kidogo kwa ajili ya kupishanisha mistari, unakata kama sentimita 30 kila unapopita. Kwa mwendo wa polepole wa kilomita 3 kwa saa, mita za mraba 100 ni kazi ya dakika 7. Ongeza kugeuka, kumwaga kikapu na kuzunguka mnazi na tangi, utafika dakika 20. Mashine pana ingekuokolea dakika tano, lakini ni nzito zaidi, inahitaji nguvu zaidi, na haipiti kati ya ukuta na mwarobaini. Kwa ua wa kawaida wa hapa, ndogo inatosha.

Nyasi za Pemba zina masharti yake

Nyua nyingi za Pwani zimepandwa nyasi za Pemba, zile zenye jani pana zinazotambaa na kustahimili kivuli cha mti. Ni nyasi imara lakini hazitaki kunyolewa. Chini ya majani yake mabichi kuna vishina vya rangi ya kahawia. Ukikata mpaka huko, ua unageuka mabaka, jua linaingia na magugu yanapata nafasi. Ziache zibaki na urefu wa sentimita 5 hadi 7.

Sharti hili ndilo linaloamua mashine, na wanunuzi wengi hawaliulizi. Mashine nyingi za bei nafuu zinaweza kupandishwa hadi sentimita 5 au 6 tu kwenye kiwango cha juu kabisa. Kabla ya kulipa, tazama kwenye boksi palipoandikwa kiwango cha urefu wa kukata, kwa kawaida katika milimita. Ikiwa kinaanzia 20 na kuishia 50, mashine hiyo imetengenezwa kwa nyasi nyembamba za nchi za baridi. Tafuta inayofika 65 au 70. Mwenye nyasi nyembamba, zile zinazokatwa zikawa fupi kama zulia, hana haja na hilo. Yeye ahakikishe mashine inashuka hadi milimita 25.

Aina zote mbili zina kanuni moja: usikate zaidi ya thuluthi moja ya urefu wa jani kwa wakati mmoja. Nyasi zikikushinda wakati wa mvua, kata mara mbili kwa kupisha siku tatu au nne, mara ya kwanza juu, ya pili chini kidogo. Ukilazimisha mara moja mota inachemka, na kwa mashine ndogo huo ndio mwanzo wa kuungua.

Waya au betri?

Mashine ya waya ni rahisi zaidi kununua na haichoki. Ilimradi stima ipo na soketi iko karibu, itakata saa nzima. Nguvu yake huwa kati ya wati 1,000 na 1,800. Gharama ya kuiendesha ni ndogo kuliko wengi wanavyohofia. Mashine ya wati 1,400 ikifanya kazi nusu saa mfululizo hutumia uniti 0.7, na hata ukihesabu uniti moja ya tokeni kwa shilingi 30, hiyo ni shilingi 21. Kwa hivyo anayekataa mashine ya umeme kwa kuogopa bili anaogopa kitu kisichokuwepo.

Gharama yake ya kweli ni waya. Pima kutoka kwenye soketi hadi kona ya mbali kabisa ya ua, halafu ongeza mita tano za kuzungukia. Ikiwa jumla inapita mita 30, achana na mashine ya waya. Waya mrefu na mwembamba hupunguza volti zinazofika kwenye mota, mota inahangaika na kupata joto. Nunua ekstensheni ya kutumia nje, yenye ganda la mpira na waya tatu ndani, na unene wa milimita za mraba 1.5 kwa kila waya. Ile nyeupe nyembamba inayotumiwa kwa televisheni na kuchaji simu haifai kazi hii hata kidogo. Na kama waya umezungushwa kwenye gurudumu, ufungue wote kabla ya kuwasha, hata kama ua ni mfupi. Waya ulioviringwa hauna pa kutolea joto, na ganda lake linaweza kuyeyuka ukiwa nje unakata bila habari.

Mashine ya betri inakuondolea waya na hatari zake nyingi. Kwa nyumba zenye watoto, ua wenye miti mingi, au soketi isiyoaminika, sisi tungeielekea hii hata ikiwa na bei ya juu. Ila soma nambari zake kwa makini. Betri moja inaweza kuandikwa volti 40 na nyingine volti 36, na zote mbili zikawa kitu kile kile: 40 ni kipimo cha betri ikiwa imejaa pomoni, 36 ni cha wakati wa kazi. Vivyo hivyo 20 na 18. Kinachokuambia utakata kwa muda gani ni uwezo wa kuhifadhi, unaopatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 4 ina wati-saa 144. Tuseme mota inakula wati 400 kwenye nyasi za kawaida, betri hiyo itadumu kama dakika 20. Nyasi za Pemba zilizonyeshewa zinaweza kuongeza ulaji huo maradufu, nawe ukabaki na dakika 10 na nusu ya ua haijaguswa. Kwa hiyo nambari ya mita za mraba iliyoandikwa kwenye boksi ichukulie kuwa ni ya siku njema, nyasi kavu na fupi.

Uliza bei ya betri ya pili kabla ya kununua mashine. Betri ndiyo itakayochoka mapema kuliko vingine, na ndiyo mara nyingi kipande ghali kuliko vyote. Ikiwa muuzaji hana betri ya kubadilisha wala hajui itapatikana wapi, anakuuzia mashine ya miaka michache tu. Kwa aliye na drili au mashine nyingine inayotumia betri, inafaa kununua mashine ya nyasi ya kampuni hiyo hiyo, kwani nyingi hutumia betri moja kwa vifaa kadhaa.

Mashine iliyoletwa kutoka nje

Mombasa ni mji wa bandari, na wengi wetu tuna ndugu wanaotutumia vitu. Mashine iliyotoka Oman, Dubai au Uingereza itafanya kazi hapa bila tatizo, kwani umeme wao unakaribiana na wetu na plagi yao ya miguu mitatu ni ile ile. Iliyotoka Marekani au Kanada ni habari nyingine. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120, na Japani ni 100. Ukichomeka mashine ya waya ya volti 120 kwenye soketi yetu, mota huungua kwa muda mfupi, pengine pamoja na moshi na cheche. Plagi ya kubadilisha miguu haibadilishi volti.

Kwa mashine ya betri, angalia chaja wala si mashine. Pakiandikwa 100–240V inafaa. Pakiandikwa 120V peke yake, chaja hiyo haifai hapa hata kama mashine ni mpya kabisa. Wauzaji wa mitumba wanalijua hili, ila si wote watakaokuambia. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaostahili na maelezo anayohitaji ili anufaike nayo, kwa hiyo omba mashine iwashwe mbele yako na udai risiti.

Kwa mashine mpya, tafuta alama ya shirika la viwango, KEBS, na kibandiko chenye volti, wati na jina la mtengenezaji. Mashine iliyoungwa kienyeji kwa mota iliyotolewa kwenye kifaa kingine inaweza kukata vizuri sana, na mafundi wetu wa jua kali ni hodari. Hata hivyo kisu kisicho na kifuniko pande zote, au mwili wa chuma usiounganishwa na waya wa ardhi, ni hatari ambayo bei nafuu haiwezi kuifidia.

Umeme, maji na miguu

Mashine nyingi za waya zina alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ni kwamba umeme umezuiwa mara mbili usifike kwenye mwili wa mashine, hata pasipo waya wa ardhi. Kwa nyumba za zamani, ambazo waya wa ardhi haujulikani kama upo au ulikatika, alama hii ni muhimu. Lakini haikulindi dhidi ya waya uliokatwa na kisu.

Kinachokulinda hapo ni swichi inayoitwa RCD. Hiyo hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na ikiona unavuja, kwa mfano kupitia mwili wa mtu, hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ya nyumbani huandikwa 30mA. Fyuzi ya kawaida haifanyi kazi hii. Fyuzi ya ampea 13 hulinda waya usiungue, na umeme mdogo sana kuliko huo unatosha kuua mtu aliyesimama peku kwenye nyasi mbichi. Fundi aliyepewa leseni na EPRA anaweza kufunga RCD kwenye boksi la umeme la nyumba nzima. Kuna pia ile ya kuchomeka kwenye soketi, kisha mashine inachomekwa juu yake. Kama huna RCD, tunakushauri usinunue mashine ya waya. Nunua ya betri, au weka RCD kwanza.

Usikate nyasi zikiwa na umande au mvua ikiwa imetoka kunyesha. Umwagiliaji ufuate ukataji, usiutangulie. Anza kukata karibu na soketi ukielekea mbali, ili waya ubaki nyuma yako kwenye sehemu iliyokwishakatwa. Waya ukiguswa na kisu, usiuokote. Nenda kwenye soketi uzime na kuchomoa, ndipo urudi kuutazama. Kuunga waya uliokatwa kwa gundi ya plastiki ni jambo tunaloliona mara nyingi na tunaomba likome. Waya hutupwa au fundi huukata akaweka kiungio cha kutumia nje.

Stima ikipotea katikati ya kazi, achilia mpini na uchomoe plagi. Mashine nzuri ina kitufe cha kubonyeza pamoja na mkono wa kushikilia, kiasi kwamba ukiachia inazima na haiwaki tena yenyewe umeme unaporudi. Jaribu hili dukani. Ukikuta mashine ambayo mkono wake umefungwa kwa kamba au mpira ili isizime, hata kama ni ya jirani, usiitumie.

Kisha kuna mawe. Ardhi yetu imejaa vipande vya matumbawe, na kisu kinachozunguka kwa kasi hurusha kipande hicho kama risasi. Pitia ua ukiokota mawe, vifuniko vya chupa na vifuu kabla ya kuwasha. Watoto waingie ndani. Anayekata avae viatu vilivyofunika vidole au gambuti, na suruali ndefu, wala si ndala. Ikiwa kazi hii inafanywa na mfanyakazi wa nyumbani, gambuti na miwani ya kukinga macho ni gharama ya mwenye nyumba, na zihesabiwe pamoja na bei ya mashine. Mfanyakazi pia aonyeshwe RCD iko wapi na jinsi ya kuijaribu kwa kubonyeza kitufe chake kila kabla ya kazi.

Chumvi na joto

Hewa ya bahari hula chuma. Mashine yenye mwili wa plastiki ngumu itadumu hapa kuliko ya bati iliyopakwa rangi, jambo ambalo mtu wa Nakuru hana haja ya kuliwaza. Baada ya kazi, chomoa waya au toa betri, igeuze mashine, na ukwangue nyasi zilizoganda chini kwa kijiti. Usiioshe kwa mpira wa maji. Futa kisu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kisu butu hakikati bali huchana, na ncha za majani hugeuka nyeupe siku ya pili. Ukiona hivyo, peleka kikanolewe.

Betri haipendi joto. Stoo ya mabati wakati wa kaskazi huwa kama tanuri, na vivyo hivyo buti la gari. Iweke ndani ya nyumba, mahali pakavu na penye kivuli. Ikitoka kazini ikiwa na joto, iache ipoe kabla ya kuichaji, na isichajiwe juu ya godoro au karibu na pazia.

Majirani, mitaro na taka

Mashine ya umeme ina kelele ndogo kuliko ya petroli, lakini si bubu. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009 zinakataza kelele za kupita kiasi zinazowasumbua wengine, na saa za alfajiri, za swala na za usiku jirani ana haki ya kupumzika. Asubuhi baada ya umande kukauka ndiyo saa nzuri, kwa nyasi na kwa watu.

Nyasi zilizokatwa zisitupwe kwenye mtaro wa barabarani. Mvua kubwa ikija huziba mdomo wa mtaro na maji yakaingia majumbani. Zikiwa fupi, ziache pale pale zioze; ni mbolea ya bure. Baadhi ya mashine zina kizibo cha kuzisaga ndogo zaidi na kuzirudisha chini, na kwa udongo wetu wa mchanga kizibo hicho kina faida kuliko kikapu. Nyasi ndefu zirundikwe kwenye kona chini ya mti.

Betri iliyokufa isiingie kabisa kwenye pipa. Betri za lithiamu zikibanwa ndani ya lori la taka au zikitobolewa zinaweza kushika moto, na wanaopekua taka kule Mwakirunge hutumia mikono mitupu. Funika sehemu zake za chuma kwa gundi ya plastiki, iweke mbali na vitu vya kushika moto, na uirudishe kwa aliyekuuzia. Akikataa kuipokea, uliza ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo yako mahali pa kuipeleka. Betri iliyovimba au inayotoa harufu isichajiwe tena hata mara moja, na itolewe nje ya nyumba siku hiyo hiyo.